Mstari Unaoipima Hospitali

Mama anayempeleka mtoto wake kupima kilo anaijua fishi ya mtoto. Ni karatasi ngumu yenye mistari. Kila mwezi muuguzi anatia nukta moja juu yake, kisha anaiunga na nukta ya mwezi uliopita. Huenda mama hajui kusoma, lakini akiutazama mstari ule anafahamu. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo. Ukishuka, asingoje mwezi mwingine. Hata mtoto akiwa bado anacheza na kucheka, mstari waweza kuonyesha njaa au ugonjwa kabla macho ya mzazi hayajaona kitu.

Sasa twauliza: je, hospitali yenyewe inapimwa kilo na nani?

Maana hospitali nayo yaweza kuugua. Vidonda vya operesheni vinaanza kutoa usaha. Mama mwenye uchungu anafika usiku na kungoja hata alfajiri. Watoto wanaanza chanjo na hawaimalizi. Watu wanasema mengi juu ya mambo hayo. Mmoja anasema, "Hospitali imeharibika siku hizi." Mwingine anasema, "Tangu aje munganga huyu mpya, kila kitu ni kizuri." Wote wawili wanasema kweli, lakini ni kweli ya siku ile moja waliyofika. Mtu aliyemzika mtoto wake hawezi kuona watoto 40 waliorudi nyumbani, wala mtu aliyepona hawezi kuona waliokufa katika chumba kingine.

Kwa hiyo hospitali nyingi duniani hutumia chati ya mstari. Ni kama fishi ya mtoto, ila badala ya kilo tunaandika jambo moja la kazi yetu, mwezi kwa mwezi au juma kwa juma, ili tuone linaelekea wapi. Mgonjwa akiona karatasi ya namna hiyo imebandikwa ukutani, asidhani ni picha ya wakubwa. Inamhusu yeye.

Akina mama wa Vienna

Kuna habari ya zamani inayoonyesha kwa nini jambo hili ni la uzima na mauti.

Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na hospitali kubwa yenye nyumba mbili za kuzalia. Katika nyumba ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa uganga, katika ya pili walifundishwa wakunga. Akina mama wengi walikufa kwa homa baada ya kuzaa, na katika nyumba ya kwanza walikufa wengi zaidi kupita ya pili. Watu wa mji walijua. Wanawake walipiga magoti na kulia ili wasipelekwe nyumba ya kwanza. Wakubwa walitoa sababu nyingi: hewa mbaya, wanawake kuwa na hofu, watu kusongamana.

Munganga mmoja, mtu wa Hungaria jina lake Ignaz Semmelweis, hakutosheka na maneno hayo. Alihesabu. Mwezi wa nne wa mwaka 1847, katika nyumba ya kwanza walizaa akina mama 312, wakafa 57. Siku zile rafiki yake, munganga Kolletschka, alikuwa amekufa baada ya kuchanjwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Semmelweis alipochunguza ugonjwa uliomwua rafiki yake aliona ni kama homa ile ya akina mama. Basi akafahamu: waganga na wanafunzi walitoka chumba cha maiti, wakaingia kwa wazazi, na mikono yao ilichukua mauti.

Katikati ya mwezi wa tano akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa sita walizaa akina mama 268, wakafa 6. Mwezi wa saba walizaa 250, wakafa 3. Mwezi wa nane 264, wakafa 5.

Mtu akizitia namba hizi juu ya karatasi, mstari unaanguka kama jiwe lililotupwa kutoka mtini. Lakini tazama jambo jingine, ambalo mimi naona lina mafundisho kuliko la kwanza. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule mambo yakaharibika tena. Katika kitanda cha kwanza alilazwa mwanamke mwenye kansa ya tumbo la uzazi, yenye kutoa uchafu. Waganga walinawa kwa klorini walipoingia chumbani tu. Baada ya kumpima mwanamke huyo walinawa kwa sabuni, wakaendelea na wengine. Kati ya akina mama 12 waliozaa wakati ule, 11 walikufa. Semmelweis hakusema, "Dawa yangu imeshindwa," wala hakuificha namba. Aliuliza ni nini kilichotokea, akafahamu ya kuwa uchafu watoka kwa mtu aliye hai pia, si kwa maiti peke yake. Tangu hapo wakanawa kwa klorini baada ya kila mgonjwa. Mwaka 1848 ilikuwako miezi miwili, wa tatu na wa nane, ambayo homa ile haikuua mama hata mmoja katika nyumba ya kwanza.

Waganga wengi hawakumkubali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861 tu, naye alikufa mwaka 1865.

Namna ya kuiandika

Chati haitaki mashini. Yataka kaye yenye miraba, kalamu, na mtu asiyechoka kuhesabu.

Chora mstari chini ya karatasi, uandike miezi. Chora mstari mwingine ukisimama upande wa kushoto, uandike namba, ndogo chini na kubwa juu. Kila mwezi ukiisha, tia nukta yake, uiunge na iliyotangulia. Hayo tu ndiyo mwanzo.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna hospitali, si yetu wala ya jirani, ni ya mfano tu, ambayo akina mama 20 hupasuliwa kila mwezi ili wazae. Wauguzi wanahesabu ni wangapi ambao kidonda chao kimetoa usaha. Mwezi wa kwanza ni 4. Halafu 6, 5, 3, 4, na mwezi wa sita ni 7. Kisha 5, 4, 4, 5, 3, na mwezi wa kumi na mbili ni 6.

Sasa tafuta namba ya katikati. Zipange zote kwa safu, kutoka ndogo hata kubwa: 3, 3, 4, 4, 4, 4, 5, 5, 5, 6, 6, 7. Ziko 12. Katikati ya safu tunakuta 4 na 5, basi namba ya katikati ni 4 na nusu. Piga mstari mwembamba kutoka upande mmoja wa karatasi hata wa pili kwa namba hiyo. Ukiwa na nukta chini ya 10, usiutegemee sana mstari huo bado. Wengine huuliza, mbona hatujumlishi zote na kuzigawanya? Ni kwa sababu mwezi mmoja mbaya kupita kiasi ungevuta hesabu yote, bali namba ya katikati haiyumbi upesi.

Tazama tena mwezi wa sita, ulipofika 7. Mkubwa wa hospitali ile aliwaita wauguzi, akawakemea sana. Mwezi wa saba ikawa 5, na wa nane ikawa 4. Akajisifu: "Mmeona! Ukali unafaa." Je, ni kweli? Mbona mwezi wa pili ilifika 6, ikashuka bila mtu kukemewa, na mwezi wa kumi na mbili ikapanda tena? Ukali wake haukufanya kitu. Namba zilikuwa zinacheza juu na chini ya mstari kama zilivyozoea, na baada ya mwezi mbaya sana mara nyingi hufuata mwezi ulio nafuu. Kadhalika mtu anayemsifu muuguzi kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri huweza kudanganyika vilevile.

Jambo hili la kutofautisha mchezo wa kawaida wa namba na badiliko lenye sababu lilifundishwa na Mmarekani mmoja, Walter Shewhart, mwaka 1924. Hakuwa munganga, alifanya kazi katika kampuni ya simu. Yawezekana ndiyo maana waganga walichelewa kumsikia.

Wavulana sita

Twawezaje basi kujua badiliko la kweli? Waulize wakunga wa maternite. Wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawa. Wavulana wawili wakizaliwa wakifuatana, hakuna anayeshangaa. Watatu, bado. Lakini wakizaliwa sita mfululizo, mkunga ataanza kuwaambia wenzake, kwa kuwa ukichukua vizazi sita vyovyote, jambo hilo hutokea karibu mara 1 katika 64.

Ni vivyo hivyo na nukta zetu. Kila nukta yaweza kuanguka juu ya mstari wa katikati au chini yake. Zikianguka 6 au zaidi zikifuatana upande mmoja, usiseme ni bahati. Kuna kitu kimebadilika. Nukta iliyokaa juu ya mstari wenyewe usiihesabu, iruke tu. Tena ukiona nukta 5 au zaidi zinazopanda zote mfululizo, au kushuka zote, hiyo nayo ni alama. Na iko nukta ambayo haitaki hesabu, maana iko mbali peke yake, na kila anayeingia chumbani anaiona.

Turudi kwenye hospitali yetu ya mfano. Mwanzo wa mwaka wa pili walikubaliana mambo mawili. Antibiotiki ya kuzuia usaha itatolewa kabla ya kisu kugusa ngozi. Mwaka uliopita mara nyingi ilitolewa baadaye, ilipopatikana. Tena vyombo vyote vitapikwa kwa mvuke wenye nguvu, wala havitachemshwa sufuriani tu. Mwezi wa kwanza wakapata 4. Mtu wa haraka angesema hakuna faida. Halafu 3, 4, 2, 3, 2. Nukta sita, zote chini ya 4 na nusu. Sasa wana haki ya kufurahi. Miezi miwili iliyofuata ilikuwa 1 na 2.

Mwezi wa tisa ikawa 9.

Wangeweza kumtafuta mtu wa kumlaumu. Waliuliza kwanza, wakakuta petroli ya jiko la mvuke ilikwisha kwa majuma matatu, kwa kuwa njia iliharibika kwa mvua na gari halikufika, nao wakarudi kwenye sufuria. Waliandika maneno hayo pembeni mwa nukta kwa herufi ndogo, wakaweka akiba ya petroli katika chumba kilichofungwa. Nukta isiyoandikiwa habari yake huwa bubu baada ya mwaka mmoja, maana watu husahau au huhama.

Kasongo ilihesabiwa

Sisi wa Kasongo hatuna haja ya kutazama Vienna peke yake. Katika miaka ya 1970, nchi ilipoitwa Zaire, palikuwa hapa kazi iliyojulikana mahali pengi duniani kwa jina la Mradi wa Kasongo, ikisaidiwa na Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Walipanga santre za afya karibu na watu na hospitali kwa ajili ya wagonjwa wazito, tena walihesabu kwa bidii.

Walijifunza habari ya surua. Hawakuuliza tu, "Je, chanjo inazuia surua?" Waliwafuata watoto wa miezi 7 hata 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, ili wajue kama mtoto aliyeokoka na surua anaendelea kuishi, au anakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1981 katika gazeti la waganga la Lancet, na wataalamu wakabishana juu yake kwa miaka mingi. Angalia urefu wa saburi yao. Hawakusimama baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Tena walihesabu habari ya akina mama ambao mtoto hukwama njiani wakati wa kuzaa. Desturi ilikuwa kuwatenga mapema wenye hatari, kwa kuuliza uzazi wao wa zamani ulikuwaje. Hesabu ya Kasongo ilionyesha jambo gumu: kati ya kila 100 waliokwamiwa na mtoto, 71 hawakuwa wametambuliwa kuwa na hatari. Na kati ya kila 100 waliotambuliwa, 90 walizaa bila kukwama.

Mafundisho yake ni makubwa kwa kila nyumba ya kijiji. Mama aliyezaa vema mara ya kwanza na ya pili aweza kukwama mara ya tatu. Basi haitoshi hospitali kuwalinda wachache. Yapasa imhudumie upesi yeyote anayefika. Na upesi hupimwa kwa saa. Mama amefika saa ngapi? Amepimwa saa ngapi? Ikiamriwa apasuliwe, kisu kilianza saa ngapi? Kila juma chukua namba ya katikati ya dakika hizo, uitie katika chati. Muuguzi akisema, "Tunawahudumia mara moja," nukta zitamsaidia au zitamkana.

Sehemu ya mgonjwa

Wasomaji wengi wa kitabu hiki si wauguzi. Lakini chati ya hospitali yategemea midomo yenu.

Mama aliyepasuliwa hukaa siku chache, kisha anarudi nyumbani, pengine njia ya Kabambare, kwa pikipiki au baiskeli. Siku ya kumi kidonda kinaanza kutoa usaha. Mama mkwe anakikanda kwa maji moto na majani, na hospitali haijui kitu. Katika kitabu ameandikwa kwamba amepona. Hivyo mstari unashuka vizuri, nasi tunajisifu kwa uongo. Kwa hiyo tunasema: rudi. Kama huwezi kurudi, mtume mtu kwenye santre iliyo karibu aseme jina lako na hali ya kidonda. Usifikiri unaleta matata. Kwanza utatibiwa, pili, nukta itakuwa ya kweli.

Wanaomchukua mama kwa kipoyi watazame saa uchungu ulipoanza na saa walipotoka kijijini. Kama hakuna saa, waseme, "Jua lilikuwa linachwa," au "Jogoo aliwika mara ya kwanza." Hiyo nayo inafaa. Wala msipunguze saa kwa kuogopa kukemewa kwamba mmechelewa.

Kwa wauguzi neno moja. Nilipokuwa mwanafunzi katika hospitali moja, kila mwezi mkubwa alisoma namba mbele ya watu wote na kumtaja mwenye makosa. Baada ya nusu mwaka namba zilikuwa nzuri ajabu. Vidonda havikuwa vimepona. Tulikuwa tumejifunza kutoandika. Chati iliyofanywa fimbo huzaa uongo upesi kuliko kitu chochote. Afadhali mstari mbaya ulio wa kweli.

Yako na mambo mengine ya kuangalia. Kama hesabu ya waliopasuliwa inabadilika sana, mwezi mmoja 10 na mwingine 30, usiandike 4 au 6 peke yake. Andika ni wangapi kwa kila 100. Malaria ya watoto hufuata mvua, basi usilinganishe mwezi wa kiangazi na mwezi wa mvua ukasema dawa imefanya kazi. Tena, ukipunguza kungoja mlangoni kwa kuwarudisha watu nyumbani bila kutibiwa, mstari wa dakika utashuka na hospitali itakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo hesabu pia waliorudishwa. Na kama kuna miezi ambayo watu walikimbia, kama ilivyotokea katika nchi hii wakati wa vita, wala hapakuwa na mtu wa kuandika, acha nafasi tupu. Usiziunge nukta kupita juu ya nafasi hiyo, wala usitie namba ya kukisia. Chini ya nafasi hiyo andika tu, "Watu walikuwa porini," na mwezi watakaporudi anza tena kuhesabu.